Nilivyokataza Utani Kwenye Shimo la Msumeno

Kila mmoja wenu akija hapa kwangu Magomeni, nikishamwitikia marahaba na akishakunywa maji, wimbo ni ule ule: "Babu, pale kazini kuna mtu ananichukia." Namwuliza, amekutukana? "Hapana, Babu. Ananisemesha kwa heshima tu." Hapo ndipo ninapoweka kikombe chini na kumtazama vizuri. Matusi ya kazini nimeyasikia ya kila namna, na hayajawahi kuniharibia hata ubao mmoja. Heshima ndiyo nusura inifukuzishe kazi.

Sogeeni basi. Na wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, unanizibia upepo.

Mimi, kama mnavyojua, ni Mchaga. Nilishuka kwa gari moshi mpaka Tanga, nikapanda meli, nikafika Dar es Salaam nikiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa na kaptula mbili, kitabu cha hesabu cha misheni, na kiburi alichonifungashia mama pamoja na ndizi za njiani. Ndizi ziliisha Korogwe. Kiburi kilifika salama.

Wakati huo alitawala Mwingereza, na pale Gerezani, karibu na reli, kulikuwa na uwanja wa mbao wa Bwana Nasoro. Alikuwa Mwarabu aliyezaliwa hapa hapa Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wangu wa misheni. Alinichukua niwe nyapara kwa sababu nilijua futi na inchi. Nyapara aliyenitangulia alikuwa akipima kwa shibiri, na shibiri zake zilipungua kila alipokuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Basi mimi mtoto wa juzi nikapewa rula, kalamu ya sikioni, na watu wanane wa kuwaamrisha, wote wakubwa kwangu.

Mashine hazikuwapo pale. Gogo lilivingirishwa mpaka juu ya shimo refu kupita kimo cha mtu. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na katikati yao msumeno mrefu wenye mpini huku na huku. Wa juu ndiye anayeona mstari, lakini hana nguvu ya kukata. Wa chini ndiye anayekata anapovuta, lakini haoni kitu, unga wote wa mbao unamwingia machoni. Mmoja ana macho, mwingine ana mikono. Msipoelewana, ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule, na hata kuni hautafaa vizuri.

Jozi zilikuwa nne, lakini iliyokuwa roho ya uwanja ni ya Kondo na Maganga. Kondo Mzaramo, mrefu, mwembamba, ndiye wa juu. Maganga Mnyamwezi, mfupi, kifua kipana, ndiye wa shimoni. Walikuwa wamepasua pamoja miaka kumi na sita kabla mimi sijatia mguu pale.

Siku yangu ya kwanza nilisikia Kondo akipiga kelele kutoka juu: "Vuta, mtumwa wangu! Au umelala kama babu yako? Alibeba jino la tembo toka Tabora mpaka pwani, akafika akaonja bahari, akauliza nani kazidisha chumvi!"

Na sauti ikatoka shimoni: "Na babu yako wewe alikuwa amekaa kivulini anangoja nitue mzigo! Mpaka leo amekaa, hajainuka, mvivu mkubwa!"

Loo! Nilitupa rula nikakimbia kwenda kuamua ugomvi. Nilishika mguu wa Kondo kule juu nikimsihi asishuke kupigana. Uwanja mzima ukalala kwa kicheko. Kondo akanitazama akasema, "Nyapara, niachie mguu wangu, nitaanguka kwa ajili ya adabu yako."

Pale langoni alikuwa akiuza uji na mihogo mama mmoja wa Kizaramo, Bi Mwanahawa. Mimi nilikuwa mteja wake wa kila asubuhi. Akaniita akaniambia, "Mwanangu, hao ni watani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Waache." Nikasema ahaa. Nikaenda zangu nikiwa nimeelewa kwamba mtani ni mtu asiye na malezi.

Saa sita mchana alikuwa akija mama yake Kondo, kibibi kifupi chenye mkongojo, amebeba bakuli amelifunika kwa kawa. Hakusalimu mtu. Alisimama langoni akaita, "Kondo! Umekula?" Kondo, mwanamume wa miaka arobaini na ushei, aliitikia kama mtoto, "Bado, mama." Kisha kibibi akaigeukia ile sauti ya shimoni: "Na huyo mtumwa wako umempa maji, au unataka afie humo tupate shida ya kumtoa?" Maganga akatokeza kichwa kimejaa unga wa mbao. "Mama mkwe, nipe binti yako nitoke humu!" Naye akampiga kwa mkongojo, polepole, begani. Halafu wote wawili walikula bakuli moja.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu mawili. Na bado nilifanya nilichofanya.

Alikuja Mzungu mmoja wa serikali kuagiza mbao za mvule za milango ya jengo jipya. Alijua Kiswahili kidogo, kile cha kutosha kuharibu mambo. Alisimama kando ya shimo, na Kondo hakumwona. Kondo akasema: "Maganga wee, leo nitakuzika humo humo nikufukie kwa unga wa mbao, na ndugu zako nitawaambia ulirudi Tabora kwa miguu!" Yule Mzungu akanigeukia. "Nyapara, hawa watauana lini?" Akacheka, akaandika kitu kwenye kitabu chake kidogo, akaondoka.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mimi, mtoto wa misheni, nisemwe kwamba ninasimamia wahuni! Kesho yake asubuhi nikawapanga mstari kabla hawajashika kazi. Nikasema kwa sauti ya kasisi: "Kuanzia leo, matusi marufuku katika uwanja huu. Utani wenu mwache nyumbani. Hapa kila mtu atamwita mwenzake Bwana."

Maganga akamtazama Kondo. Kondo akautazama msumeno. Kisha Kondo akasema, "Ndiyo, Bwana Nyapara." Nami nikaenda kunywa uji nimejaa furaha, nikamsimulia Bi Mwanahawa. Siku ile alinipimia uji kidogo kuliko kawaida, nami sikujiuliza kwa nini.

Enyi wanangu, mngesikia uwanja ule kuanzia siku hiyo! "Tafadhali vuta, Bwana Maganga." "Ahsante, Bwana Kondo, navuta." "Samahani Bwana Maganga, kidogo kushoto." "Hapana taabu, Bwana Kondo." Nilitembea katikati ya mashimo nimeweka mikono nyuma. Nilijiona nimestaarabisha pwani nzima.

Haukupita muda, mama yake Kondo akafariki. Aliugua siku tatu tu. Tulifunga uwanja, tukaenda kuzika wote, Bwana Nasoro akiwa mbele. Nami nikaenda, nikasimama nyuma na kofia mkononi. Maganga alikuja amevaa kanzu safi, na nyuma yake Wanyamwezi wenzake sita au saba wa Kariakoo. Akaingia, akampa Kondo mkono, akasema, "Pole sana, Bwana Kondo." Akaketi kwenye mkeka na watu wengine, akainamisha kichwa. Wenzake wakamtazama yeye, nao wakaketi.

Niliona wanawake wanachungulia mlangoni, wanamtazama Maganga, wanatazamana. Niliona Kondo mara mbili amenyanyua uso kama anayesubiri kitu. Kaburini pia watu walisita kidogo, kana kwamba kuna mtu hajafika. Hakuna aliyefika. Tukazika kwa utulivu mkubwa. Nakumbuka nilijisemea moyoni: hivi ndivyo wanavyozika watu wastaarabu. Mungu anisamehe ujinga ule.

Baada ya matanga Kondo akarudi kazini, na mbao zikaanza kupinda.

Mwanzoni nilidhani ni msumeno. Nikaupeleka ukanolewa meno yote kwa tupa mpya. Zikapinda. Nikadhani ni gogo lina fundo. Nikabadilisha gogo. Zikapinda. Nikapiga mistari mwenyewe kwa uzi uliopakwa masizi, nikaipiga mara mbili mbili. Kondo alifuata mstari kule juu bila kuuacha hata unywele, na upande wa chini wa gogo msumeno ulikuwa umekwenda kwingine kabisa, inchi nzima.

Nikafanya jambo ambalo ninyi siku hizi mnalipenda sana. Nikawakalisha chini wote wawili. Nikasema, "Waungwana, semeni tatizo lenu."

"Hatuna tatizo, Bwana Nyapara," akasema Kondo.

"Hatuna kabisa," akasema Maganga. "Bwana Kondo ni mtu mwema."

"Na Bwana Maganga pia."

Ningewaelewa wangerushiana makonde! Lakini utamwamua vipi mtu anayemsifu mwenzake? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami mshindo ule ulinikuta nimeziba masikio.

Ukaja mwisho wa mwezi, mbao kumi na mbili za mvule zikarudishwa na yule Mzungu. Bwana Nasoro hakunifokea. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliniita akanimiminia kahawa, akauweka ubao mmoja uliopinda mbele yangu, akasema: "Yohana, mimi nilikupa watu wanaotukanana na mbao zilizonyooka. Wewe umenirudishia watu wenye adabu na mbao zilizopinda. Jumatatu nataka ubao ulionyooka, au nitatafuta nyapara mwingine."

Na jioni ile ile, nikiwa bado sijameza hilo, Maganga akanijia. Amevua kofia, amesimama wima. "Bwana Nyapara, naomba ruhusa. Jumamosi napanda gari moshi, narudi kwetu Tabora. Nimekaa pwani siku nyingi." Nikamwuliza, na Kondo je? Akasema, "Bwana Kondo atapata mwingine, inshallah." Akavaa kofia yake akaenda. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Nilikwenda kuketi kwa Bi Mwanahawa. Sikuagiza kitu. Nilikuwa nimekwisha, nataka kulia. Sikulilia kazi tu. Nilikuwa nawaona wale wawili walivyokuwa wakila bakuli moja, na sasa mmoja anafunga mzigo, na sijui nimekosea wapi. Nikamwambia, "Mama, mimi nimewafanyia nini watu hawa?"

Akanitazama, mwiko mkononi. "Kumbe unauliza kweli? Mimi nilidhani unajua, unafanya kwa makusudi."

"Sijui, mama. Haki ya Mungu sijui."

"Wewe Mchaga umemnyima maiti watani wake!" akasema. "Mama yake Kondo amezikwa kama mtu asiye na kwao. Mtani ndiye anayeingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu akamwigiza, watu wacheke, wapate kupumua. Maganga alikuja akaketi kama mgeni! Kondo hajalia mpaka leo, unalijua hilo? Hajalia, kwa sababu hajachekeshwa."

"Lakini kwa nini Maganga hakufanya?"

"Si wewe uliyesema utani marufuku? Na Kondo alikuwapo, akasema ndiyo bwana. Hakusema, huyu ni mtani wangu, huwezi kumkataza. Maganga akaona amekanwa mbele ya watu. Na Kondo naye akaona ameachwa kwenye msiba. Kila mmoja ana haki yake, ameishika, hailegezi." Akachota uji akanipa. "Kunywa. Keshokutwa Alhamisi ni arobaini ya marehemu. Nenda kwa Maganga kwa miguu yako. Usiende kama nyapara."

Nilimkuta Maganga chumbani kwake Kariakoo, anafunga mkeka kwa kamba. Nikapiga hodi, nikamwambia, "Shikamoo." Nilikuwa sijawahi kumwamkia. Nyapara hakuwa akiwaamkia watu wake. Akaacha kamba.

"Marahaba, Bwana Nyapara."

"Usiniite Bwana, Mzee Maganga. Mimi nimekosa. Nilikataza kitu nisichokijua. Kondo hakukukana. Aliniogopa mimi, au tuseme aliiogopa rula yangu. Nimekuja kukuomba radhi, na nakuomba Alhamisi uje arobaini."

Akakaa kitandani. Akawa anakunja na kukunjua ile kamba. "Unajua," akasema, "kule shimoni sioni kitu. Kondo akinitukana, najua yuko wapi, najua amesimama vipi, najua kama amechoka. Nami nikichelewa kumjibu, yeye anajua pumzi imeniishia, analegeza mkono. Siku uliyotuambia tuitane Bwana, nilibaki gizani, kijana. Nikawa navuta tu."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi niliyokuwa nikiisimamia miezi minane. Yale matusi ndiyo yaliyokuwa macho ya Maganga na mikono ya Kondo.

"Na radhi," akaendelea, "mtani hapokei radhi. Mtani anatoza faini."

"Faini gani?"

"Utaijua Alhamisi," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikaliona pengo la meno yake.

Alhamisi alasiri, kwa Kondo, hitima imekwisha kusomwa, sinia za pilau zimeanza kutoka, watu wametulia. Kondo ameketi ukutani, macho makavu. Mara tukasikia mkongojo unagonga barabarani, ko, ko, ko. Akaingia uani mtu mfupi mwenye kifua kipana, amejifunga kanga za marehemu, nyingine kichwani, amepinda mgongo, ana bakuli na kawa. Bi Mwanahawa ndiye aliyempa vitu vile. Akasimama katikati ya watu, akatweta, akaita kwa sauti ile ile ya kibibi:

"Kondo! Umekula?"

Kondo akanyanyua uso. Kisha akaitikia, polepole, "Bado, mama."

"Bado nini, na mimi nimekufa kwa ajili ya kukupikia wewe! Tazama ulivyokonda, utadhani msumeno! Na mtumwa wako yuko wapi? Mbona simwoni? Umemwacha shimoni siku arobaini, hujampa hata maji?"

Kicheko kilipasuka uani, wanawake wakapiga vigelegele. Kondo alicheka akashika tumbo, akacheka akainama, na hapo hapo kwenye kicheko kilio kikamtoka, kilio cha mwanamume mzima, mabega yanaruka. Maganga akamwendea, akampiga kwa mkongojo begani, polepole, vile vile alivyopigwa yeye. Kisha akaketi kando yake na zile kanga zake, akamshika mkono, wakalia wote.

Na faini yangu? Maganga aliponyanyuka aliniita mbele ya kadamnasi. "Mchaga! Wewe uliyetufundisha adabu, chukua birika. Wanawishe watu mikono, wote, na kila mmoja umwite Bwana." Nikapita na birika na bakuli, mtu mmoja mmoja, watu kama mia. "Karibu, Bwana." "Karibu, Bwana." Wazee walinyoosha mikono wakitoka machozi kwa kucheka. Bwana Nasoro naye akanyoosha yake, akasema, "Mimina vizuri, Bwana Yohana, usinilowanishe kanzu." Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uwanjani kabla ya jua kuchomoza vizuri. Kondo alikuwa juu ya gogo, amesimama, hafanyi kitu. Shimo tupu. Gari moshi la bara likapiga honi kule stesheni, nikasikia mabehewa yanaanza kukokotwa. Mimi na Kondo hatukutazamana. Honi ya pili. Gari likaondoka. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya rundo la mbao: "Mzaramo wee, unangoja nini huko juu? Unadhani gogo litajipasua lenyewe upate kwenda ngomani?"

Kondo akashika mpini. "Vuta, mtumwa wangu!" Ubao uliotoka asubuhi ile ningeweza kuutumia kama rula.

Tangu hapo nilikaa unyaparani miaka mingi, na mambo niliyojifunza ni machache tu. Akija mtu mpya, nilimwuliza jina, kisha nikamwuliza watani wake ni nani, na huyo ndiye niliyempanga naye. Mtu akija kazini ananuka pombe, sikumwambia neno. Nilimtuma mtani wake. Mimi nikisema, mtu atanuna wiki nzima. Mtani akimwambia mbele ya wenzake kwamba nzi wamelewa kwa kumtua usoni, atacheka, ataona haya, kesho atakuja mkavu. Na wasio na watani niliwasikiliza zaidi. Walipopigiana kelele nilikunywa uji wangu. Walipoanza "tafadhali" na "hapana taabu", niliweka kikombe chini. Lakini angalieni, sikuambii uende kesho kumtukana mkuu wako wa kazi ukasema Babu kaniruhusu! Utani una wenyewe, na una mipaka yake. Mimi mwenyewe sikuwa mtani wa mtu pale. Niliwasikiliza wakitukanana, nikacheka, nikabaki nje, na wao walinistahi. Kondo aliendelea kuniita Nyapara. Kwa kweli, iliniuma kidogo.

Sasa nimalize, maana naona mmoja wenu anapiga miayo.

Karibu na mwisho wa miaka ile, kabla dunia haijaingia vitani tena, homa ilimpata Maganga, ikamchukua kwa wiki moja. Tulimzika hapa hapa mjini. Wazaramo walijaa siku hiyo kuliko Wanyamwezi. Tulipofika kaburini, maiti bado iko begani mwa watu, Kondo akawapita wote, akaingia kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Alikuwa mzee tayari, mvi tupu.

Sheikh akasema, "Mzee Kondo, toka tumsitiri mwenzetu."

"Sitoki," akasema Kondo. "Miaka yote mimi juu, yeye chini, unga unamwingia machoni. Leo mimi nataka chini."

Watu wakacheka na kulia pamoja. Wakamtupia senti, akazitupa nje. Wakamwahidi kuku, akasema kuku wa Wanyamwezi wana kwikwi. Sheikh akaanza kukasirika. "Basi unataka nini?"

Kondo akafumbua macho, akanitafuta, akaniona nimesimama nyuma na kofia mkononi, mahali pangu pa siku zote.

"Sitoki mpaka Nyapara anitukane."

Wote wakageuka. Mimi! Mimi ambaye sikuwahi kumtukana hata punda. Nikasogea mpaka ukingoni. Nikamtazama pale chini, na tusi likanijia lenyewe, kwa sauti ya Maganga mwenyewe aliyelala begani mwa watu.

"Kondo wee!" nikapiga kelele. "Babu yako amekaa kivulini mpaka leo hajainuka, nawe umekuja kulala kwenye kitanda cha watu wanaofanya kazi! Toka humo, mvivu mkubwa!"

Sikujua kama nimefanya vizuri au vibaya. Hakuna aliyecheka. Kondo alinitazama, machozi yanamteremka kwenda masikioni. Kisha akaninyooshea mkono.

"Vuta, mtumwa wangu!" akasema.

Nikavuta.